Je, Yafaa Mwanafunzi Awe Mwalimu wa Mwenziwe katika Mambo ya Afya?

Liko swali ambalo siku hizi laulizwa katika mikutano ya wazazi, na mara nyingi laulizwa kwa hasira kuliko kwa fikira. Shule na vyuo huchagua wanafunzi wachache, huwafundisha kwa siku kadhaa habari za mwili, za magonjwa na za kujilinda, kisha huwarudisha kati ya wenzao ili wawe washauri wao. Vijana hawa huitwa waelimishaji rika. Mzazi mmoja husema, "Mimi mwanangu nimempeleka kusoma hesabu, sikumpeleka akafundwe na mtoto mwenziwe." Mzazi wa pili hujibu kwamba dunia imebadilika, na kwake yeye jibu hilo latosha. Sisi twaona kwamba wote wawili wamemaliza maneno kabla ya kuyaanza. Twataka kulitazama jambo hili polepole, maana ndani yake yamo maisha ya vijana wetu, tena limo swali la haki: je, mtu mzima ana ruhusa ya kumtwika mtoto mzigo ambao yeye mwenyewe ameuona mzito?

Kwanza tuondoe kosa moja. Watu wengi husema kwamba zamani mzazi alimfundisha mwanawe mambo haya mwenyewe, nyumbani, kwa adabu, na ya kuwa shule ndizo zilizomnyang'anya kazi yake. Katika pwani yetu, hapa Kaole na Bagamoyo, na kwa Wazaramo, Wakwere na Wadoe walio jirani zetu, haikuwa hivyo. Mama hakumfundisha binti yake habari za mwili. Kufanya hivyo ilikuwa aibu kubwa. Msichana alipovunja ungo alitafutiwa somo au kungwi, mwanamke mzima mwenye sifa, naye ndiye aliyemfunda mwari. Mvulana naye alipelekwa jandoni, akakaa kumbini mbali na baba yake, mikononi mwa watu waliopewa kazi hiyo. Wala hakukaa peke yake. Alikuwa pamoja na wenziwe wa umri wake, wakala pamoja, wakaogopa pamoja, wakaimba pamoja, na waliotoka kumbi moja walijuana kwa jambo hilo mpaka uzeeni. Basi zamani palikuwa na mambo matatu: mtu mzima aliyekabidhiwa kazi, mahali na wakati uliojulikana, na kundi la rika. Mzazi alitoa gharama na kungoja nje. Kwa hiyo anayesema, "Tumwachie mzazi peke yake kama zamani," aleta jambo jipya kabisa huku akidhani arudisha la kale.

Hatusemi kwamba yote yaliyofundishwa huko yalikuwa mema. Mengi yalimtayarisha msichana kumpendeza mume, na machache yalimlinda. Na kisu kimoja kupita katika miili ya wavulana wengi, sasa twajua vizuri hatari yake. Twataka tu ieleweke kwamba swali la nani amfundishe kijana habari za mwili wake halikuzaliwa na shule, na kwamba wazee wetu hawakulijibu kwa kusema, "mzazi".

Kisha yakaja mabweni. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanza misheni yao Bagamoyo, watoto waliokombolewa kutoka utumwani walilelewa hapo mbali na koo zao. Walikuwa na mwalimu wa kusoma na mwalimu wa useremala, lakini kungwi wa kwao hakuwako. Bweni lilikuwa rika bila kungwi. Na hali hiyo, iliyokuwa ya watoto wachache wasio na kwao, leo ni hali ya vijana karibu wote wanaoendelea na masomo. Tazameni mji wa Bagamoyo wenyewe. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, hupokea vijana kutoka kila upande wa nchi. Zipo shule za sekondari za kulala, vipo na vyuo vingine. Kijana wa miaka 18 au 20 apanga chumba mtaani, ajipikia mwenyewe, hana shangazi wala mjomba karibu, na jioni wanaozungumza naye ni wenziwe wa umri uleule. Tena katika mfuko wake imo simu, na ndani ya simu wamo walimu wengi wasio na jina wala aibu.

Basi rika hufundisha, tutake tusitake. Swali si kama vijana wafundishane. Walikwisha kuanza zamani. Swali ni kama wanayofundishana ni kweli. Nchini Uganda, gazeti la vijana liitwalo Straight Talk lilianza mwaka 1993, na kwetu gazeti la Fema likafuata mwaka 1999, pamoja na vilabu vyake katika shule za sekondari. Magazeti hayo yalipofungua mlango wa barua, vijana waliandika. Wasingaliandika kama wangalikuwa na mtu wa kumwuliza nyumbani.

Kwa sababu hiyo lile pingamizi la kwanza, kwamba ni vibaya mtoto afundishwe na mtoto, twaona halina nguvu. Lakini asifurahi upesi yule mzazi wa pili, maana kuna pingamizi lingine zito zaidi, nalo halitoki kwa watu wenye hasira bali kwa watu waliopima mambo kwa hesabu.

Nchi yetu ina ujuzi wa zamani katika kazi hii. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa vitabu vidogo, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Viongozi wa vikundi, wapatao 75,000, hawakuwa matabibu. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi ili wawaongoze wenzao. Wazee wanaoikumbuka kampeni ile bado wapo, na baadhi ya vyoo vya wakati ule twavijua. Baadaye, mwaka 1978, wataalamu wa London, miongoni mwao daktari David Morley na mwalimu Hugh Hawes, walianzisha mpango wa mtoto kumfundisha mtoto, ili kujitayarisha kwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto uliofuata. Walikuwa wameona jambo ambalo kila mtu wa Afrika alijua: mtoto mdogo halelewi na mama peke yake, bali hubebwa mgongoni na dada yake. Basi wakasema, dada huyo afundishwe. Mdogo wake akiharisha, achukue maji safi lita moja, atie sukari vijiko vidogo sita vilivyo sawasawa na chumvi nusu kijiko, akoroge, amnyweshe kidogo kidogo. Dawa hiyo imeokoa watoto wengi duniani, na mtoto wa darasa la nne aweza kuitengeneza.

Mambo hayo yaliwatia watu moyo. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia, ambao wagonjwa wa kwanza katika nchi yetu walitambuliwa Kagera mwaka 1983, wengi walidhani kwamba njia ileile itatosha: tuwafundishe vijana, nao wafundishane, na ugonjwa utapungua.

Sasa twaja mahali pagumu. Mkoani Mwanza mwaka 1998 ilianzishwa kazi iliyoitwa MEMA kwa Vijana. Walioifanya walikuwa watu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, shirika la AMREF, na chuo cha London kinachofundisha magonjwa ya nchi za joto. Hawakutaka kusifu kazi yao kwa maneno, walitaka kuipima. Walichukua jumuiya 20 za vijijini, wakazigawa kwa kura. Jumuiya 10 zilipata mafundisho na 10 hazikuyapata. Katika zile 10 za kwanza, walimu walifundisha darasa la tano mpaka la saba, na wanafunzi waliochaguliwa kati ya wenzao walicheza michezo mifupi ya kuigiza ili kuanzisha mazungumzo darasani. Watumishi wa zahanati walifundishwa kuwapokea vijana kwa upole. Kwa miaka mitatu kazi iliendelea, kisha wakapima damu.

Ikaonekana hivi. Vijana waliofundishwa walijua zaidi kuliko wenzao. Walijibu vizuri maswali juu ya ugonjwa, na fikira walizozisema zilikuwa njema zaidi. Lakini katika damu yao ugonjwa haukupungua kuliko katika damu ya wale ambao hawakufundishwa. Wakangoja, wakarudi mwaka 2007 na 2008, wakapima vijana zaidi ya 13,000. Ujuzi ulikuwa bado umo vichwani mwao, baada ya miaka mingi. Jambo hilo lenyewe ni la kushangaza kwa sisi walimu, maana mengi tuyafundishayo husahauliwa kabla ya likizo kwisha. Hata hivyo maambukizo yalikuwa sawasawa kwa pande zote mbili.

Twawaheshimu watu waliopima hivyo kisha wakachapisha matokeo bila kuyaficha. Wako waliosikia habari hizo wakasema, "Basi! Kazi bure. Waacheni watoto wasome hesabu." Lakini hilo ni neno la haraka tena. Lazima tuulize kwa nini maji ya chumvi na sukari yalifaa, na mafundisho ya Mwanza hayakufaa kwa kadiri ile iliyotumainiwa, ijapokuwa katika mambo yote mawili mwanafunzi alifundishwa kweli, akaielewa, akaishika.

Twaona jibu ni hili. Kuna ujuzi ambao mwenye nao aweza kuutumia kwa mkono wake mwenyewe, na kuna ujuzi ambao haufanyi kazi mpaka mtu mwingine akubali. Dada akijua kutengeneza maji ya dawa, ahitaji sukari, chumvi na maji. Hana haja ya kumwomba mtu ruhusa. Lakini msichana wa darasa la saba ajuaye vizuri jinsi ugonjwa unavyopatikana, afanye nini na ujuzi huo mbele ya mwanamume mzima mwenye pikipiki, anayempa nauli ya kwenda shule kilomita nyingi, tena anayesalimiwa kwa heshima na baba yake? Ujuzi anao. Nguvu ya kuutumia iko kwa mwingine. Na yule mwingine hakuwako darasani. Hakutazama mchezo wa kuigiza. Hakuna aliyemchagulia mwelimishaji wa rika lake.

Hapa kwetu tuna mfano tunaouona kila siku. Kaole ilikuwa bandari. Magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo, ambayo wageni huja kuyatazama, ni ya mji uliokuwako tangu karne ya 13. Wachunguzi wa mambo ya kale wasema kwamba mikoko na matope vilijaza mahali pa kutia nanga, vyombo vikahamia Bagamoyo. Mabaharia wa Kaole hawakusahau kushika usukani. Maji ndiyo yaliyowakimbia. Mtu angaliweza kuwafundisha tanga na nanga miaka kumi zaidi, na majahazi yasingalifika.

Kwa hiyo twaona kwamba kosa la watu wazima halikuwa kuwafundisha vijana. Kosa lilikuwa kuwafundisha wao tu, kisha kungoja matunda. Nao wataalamu wa Mwanza wenyewe walifikia neno lililo karibu na hilo, kwamba desturi za jamii nzima zahitaji kubadilika, si za wanafunzi peke yao. Bibi mmoja katika mkutano wa kijiji alisema vizuri kuliko sisi. Mwalimu alipokwisha kueleza mambo ya waelimishaji rika, bibi yule aliinuka, akasema, "Mwanangu mwalimu, nimekusikia. Mmewachagua watoto wa kuwasemea watoto. Je, nani amechaguliwa kuwasemea wanaume hawa walioketi hapa?" Watu walicheka, na waliocheka zaidi walikuwa wanaume. Swali lake halikujibiwa siku ile.

Hata hivyo si haki kuishia hapo, maana kuna kazi mbili zinazochanganywa chini ya jina moja. Kazi ya kwanza ni kuelimisha: kumwambia mwenzako jambo asilolijua. Kazi ya pili ni kutetea: kulichukua jambo analoliona mwenzako, ambalo yeye peke yake hawezi kulisema, na kulipeleka mbele ya wenye mamlaka. Mwelimishaji ahitaji msikilizaji asiyejua. Mtetezi ahitaji msikilizaji mwenye nguvu. Mipango mingi hufundisha kazi ya kwanza na kuisahau ya pili.

Kwa kazi ya pili mfano mwema twaupata Dar es Salaam. Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa TUSEME katika shule za sekondari kwa ajili ya wasichana. Hawakuja na mchezo uliokwisha kuandikwa. Wasichana wenyewe walichunguza ni mambo gani yanawazuia kusoma, wakayatunga kuwa mchezo, wakauonyesha mbele ya walimu, wazazi na wakubwa wa shule, kisha wakadai jibu. Mchezo wa namna hii huweza kusema habari ya mwalimu anayewasumbua wasichana, au ya bweni lisilo na maji, au ya njia yenye giza, na watu wakasikiliza, kwa kuwa aliye jukwaani hatukani mtu, aigiza tu. Njia hii baadaye ilichukuliwa na shirika la FAWE hata nchi nyingine za Afrika. Twapenda jina lake. Ni neno moja, nalo lina maana kwamba kuna jambo lililokuwa halisemwi.

Sasa tuliingie swali lililotufanya tuandike karatasi hii, maana hilo ndilo hutuletea usingizi mfupi sisi walimu. Mwanafunzi akiwa mshauri wa wenziwe, atasikia siri. Afanye nini nazo?

Tuseme yuko msichana wa kidato cha tatu. Amwendea mwenziwe aliyechaguliwa, amwapisha kwanza kwamba hatamwambia mtu, kisha amweleza kwamba ana mimba, au kwamba mtu wa nyumbani kwao humwingilia usiku. Mshauri ana miaka 16. Alifundishwa siku tano. Katika mafunzo aliambiwa kwamba kutunza siri ni sharti la kwanza la kazi yake, na ni kweli, maana mshauri asiyetunza siri hatafuatwa tena na mtu. Lakini usiku ule halali. Akinyamaza, mwenzake aweza kuharibikiwa. Akisema, amevunja kiapo.

Wako watakaosema, siri ni amana, na amana hairudishwi ila kwa mwenyewe. Twakubali kwamba siri ni amana. Lakini mtu akikuletea kaa la moto, akakuomba ulifiche chini ya makuti ya nyumba yako, hukupokea amana. Umepokea moto, na nyumba itakayoungua si yako peke yako. Wako wengine watakaosema, mtoto hana siri, kila analolisikia alipeleke kwa mwalimu. Hao wafahamu kwamba baada ya juma moja mwalimu hatapelekewa kitu, kwa maana hakuna atakayemwambia mshauri kitu.

Sisi twaona njia iko mwanzoni mwa mazungumzo, si mwishoni. Mshauri asikubali kuapa kabla ya kusikia. Afundishwe kusema kwa upole, "Dada yangu, mengi nitayaficha, lakini kuna jambo sitaweza kulificha: kama maisha yako yamo hatarini, au kama kuna mtu mzima anayekuumiza. Hapo tutakwenda pamoja kwa mtu tuliyemchagua." Neno "pamoja" ni la maana. Siri haichukuliwi kutoka kwa mwenyewe. Mwenyewe asindikizwa nayo. Na yule mtu wa kwenda kwake ajulikane mapema, awe mwanamke mzima mwenye busara, muuguzi au mwalimu, anayeijua kazi yake. Yaani kungwi arudi, si kwa ngoma zake bali kwa nafasi yake, kati ya rika na wazazi.

Lakini angalieni jinsi uaminifu wa mtoto unavyotegemea sheria za watu wazima. Miaka mingi katika nchi yetu mwanafunzi aliyepata mimba aliondolewa shule ya serikali, wala hakurudi. Mwezi wa Juni mwaka 2017, katika mkutano wa hadhara Chalinze, mahali pasipo mbali na hapa, Rais John Magufuli alitamka kwamba aliyezaa hatarudishwa shuleni. Katika hali ile, mshauri mwenye miaka 16 aliyemsindikiza mwenzake kwa mwalimu alikuwa kama amemsindikiza mlangoni. Nani angemlaumu kwa kunyamaza? Tangu Novemba 2021, kwa tangazo la Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako, wanafunzi walioacha masomo kwa sababu ya kujifungua huruhusiwa kurudi. Tusibishane hapa juu ya siasa za jambo hilo. Wako Wakristo wema waliokuwa upande huu na upande ule. Twasema tu kwamba siku ile sheria ilipogeuka, maana ya kusema kweli nayo iligeuka kwa watoto wetu. Mwaka 2019 vilevile sheria ilibadilishwa, ili kijana wa miaka 15 aweze kupimwa virusi vya UKIMWI bila ya ruhusa ya mzazi, ambapo kwanza ilikuwa miaka 18. Wazazi wengine walihuzunika. Huzuni yao twaielewa. Lakini kijana ambaye aliogopa kuomba ruhusa hakupimwa kabisa, na mzazi hakujua lolote, akadhani yote ni salama.

Kuna na sheria ya tangu 2016, ya kifungo cha miaka 30 kwa mwanamume atakayempa mwanafunzi mimba. Sheria ni kali, lakini kila mtu wa kijijini ajua jinsi mambo haya yanavyomalizwa nyumbani, kwa ng'ombe au kwa fedha, na mashahidi wakanyamazishwa. Hapo ndipo mtetezi mdogo hupimwa kuliko wote, maana hupingana na wazazi wa mwenzake, na pengine na wazazi wake. Twasema wazi: kazi hiyo si ya mtoto. Mwenye kuisimamia awe mtu mzima, na mtoto aondolewe katika maneno hayo mara tu anapokuwa amekwisha kumfikisha mwenzake.

Lile pingamizi la kwamba washauri wenyewe huanguka katika mambo wanayoyakataza, twalipita upesi. Huanguka wengine, kama walimu waangukavyo. Tabibu mwenye homa bado ajua dawa ya homa. Afadhali kuuliza kama mshauri apata faida, na hapo sisi walimu twajibu kwa ujuzi wa kazi yetu: anayejiandaa kufundisha somo hulijua kuliko anayelisikiliza. Tumeona wavulana wakimya waliopewa kazi hii wakawa watu wa kusema mbele ya mkutano bila kutetemeka. Lakini faida hiyo ya mwenye kazi isitumiwe kuficha gharama yake. Yule anayebeba huzuni za darasa zima, na kesho ana mtihani, ni mtoto vilevile.

Na haya, je? Wazee hutuuliza, haya itabaki wapi ikiwa wavulana na wasichana wazungumza mambo haya waziwazi? Swali hilo si la kudharauliwa. Sisi twatenga haya na hofu. Haya ni kujua neno gani lasemwa mbele ya nani. Kungwi alikuwa nayo, ingawa alisema kila kitu. Hofu ni kutokujua kabisa wa kumwambia. Msichana aliyefundwa vizuri atanyamaza mbele ya wajomba zake, na atasema mbele ya muuguzi. Kijana asiyefundwa hufanya kinyume: hupiga kelele za matusi njiani, na hunyamaza zahanati.

Basi wazazi wa kijiji, shule itakapowaletea habari kwamba mtoto wenu amechaguliwa, msikubali wala msikatae kwa haraka. Ulizeni kwanza, ni mtu mzima gani aliye nyuma yake, na je, watoto wamemchagua au amewekwa tu? Ulizeni amefundishwa nini juu ya siri. Ulizeni kama shule itawaita na akina baba, na vijana wa pikipiki wa kituoni, wakakae mafundisho yaleyale kwa siku yao, maana bila hao tunajaza mtungi wenye tundu. Ulizeni kama kuna mkutano mara moja kwa mwezi ambapo washauri wenyewe huketi na kungwi wao, wakatua mizigo waliyobeba. Tena mwanafunzi atakayechoka na kazi hii katikati ya mwaka aruhusiwe kuiacha, bila kuulizwa sababu mbele ya wenziwe.